Tunatafuta mbwa: aina gani inafaa nyumba yenye watoto?

Leo sitaandika juu ya Linux, wala hifadhidata, wala simu iliyotoka juzi. Kwa mwezi mmoja na nusu uliopita nyumba yetu imekuwa na mjadala mmoja tu, nao ni mbwa. Tufuge mbwa wa aina gani? Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuandika programu, na mtu wa programu akiulizwa swali la nyumbani hulifanya mradi, nimeona niwasimulie jinsi mradi huu ulivyokwenda. Najua wapo wazazi wenzangu wanaoumiza vichwa kwa jambo hilihili.

Nianze na wateja, maana bila kumjua mteja hakuna programu.

Tunaishi Kitengela, katika ua wenye nyumba tatu na geti moja. Binti yetu ana miaka tisa, mdogo wake wa kiume ana minne. Binti alitaka mbwa wa kucheza naye, na tayari alikuwa amekwisha kumchagua: Dalmatian, yule mweupe mwenye madoadoa meusi, kwa sababu amemwona katika filamu. Kitinda mimba alitaka mbwa "mkubwa kama ng'ombe". Mama yao alitaka mlinzi. Mwaka jana wezi waliruka ukuta wa nyumba moja mtaani kwetu wakaondoka na televisheni na mtungi wa gesi, na tangu siku hiyo kila paka akitembea juu ya mabati mimi huamshwa nikaangalie. Na mimi je? Nilitaka kitu kimoja tu: mbwa asiyemng'ata mtoto. Si wetu pekee, bali hata watoto wa majirani wanaoingia na kutoka getini mchana kutwa.

Wateja wanne, mahitaji manne yanayogongana. Yeyote aliyewahi kutengeneza mfumo wa ofisi anaijua hali hii. Kila mteja anaamini kwamba ombi lake ndilo dogo.

Lahajedwali

Nikafungua lahajedwali. Kushoto nikapanga aina za mbwa, juu nikapanga vigezo: ukubwa, ulaji, manyoya, kelele, mazoezi anayohitaji, magonjwa ya kurithi, uvumilivu kwa watoto. Kila kigezo nikakipa uzito wake, na uvumilivu kwa watoto nikaupa uzito kuliko vyote.

Mama Neema akachungulia kioo cha tarakilishi kisha akauliza, "Baba Neema, hicho kijedwali kitambwekea mwizi akija?"

Swali zuri, na nitalijibu hapo chini. Kwanza tuelewe hii "aina" ni kitu gani hasa.

FCI, shirikisho la kimataifa linalosimamia nasaba za mbwa, linatambua aina zaidi ya 350. Ukizisikia utafikiri zimekuwapo tangu enzi za Nuhu. La hasha. Mbwa mwenyewe ameishi na binadamu kwa maelfu mengi ya miaka, lakini nyingi ya aina hizi, kwa maumbo tunayoyajua leo, zilisimamishwa katika miaka 200 hivi iliyopita. Maonyesho yanayohesabiwa kuwa ya kwanza ya mbwa yalifanyika Newcastle, Uingereza, mwaka 1859. Kennel Club ya Uingereza ikaundwa mwaka 1873. German Shepherd tunayemwona kila siku akitembea na walinzi alianza kuandikishwa mwaka 1899, pale Mjerumani mmoja aliyekuwa afisa wa jeshi, Max von Stephanitz, alipomnunua mbwa aliyemwita Horand von Grafrath na kumfanya wa kwanza kwenye daftari.

Kwa ufupi, nyingi ya aina hizi ziliundwa kwa kazi fulani. Programu yoyote kabla ya kuiweka kwenye mashine yako unasoma kwanza iliandikwa ifanye nini. Na mbwa ni hivyohivyo:

- Border Collie aliundwa kuzingira kondoo na kuwarudisha kundini. Nyumba isiyo na kondoo ina watoto, na watoto wakikimbia yeye huona kundi linatawanyika. Usishangae akiwauma visigino ili warudi pamoja.

- Rottweiler ana jina la mji wa Rottweil, Ujerumani. Aliswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wachinjaji. Ni mwili wa kazi nzito.

- Labrador, licha ya jina lake, asili yake ni wavuvi wa Newfoundland, Canada. Kazi yake ilikuwa kuwarudishia vitu kutoka majini.

- Dalmatian, yule wa binti yangu, alikimbia kando ya magari ya farasi kilomita na kilomita. Kumfungia katika ua wa Kitengela ni kama kumweka mkimbiaji wa Iten ndani ya lifti. Tena uziwi wa kuzaliwa ni tatizo linalojulikana katika aina hiyo, na mbwa asiyesikia hushtuka mtoto anapomjia kwa nyuma.

- Basenji ni jirani yetu, wa Kongo, mwindaji. Habweki kama mbwa wengine, hutoa sauti kama ya kuimba. Mama Neema alipoyasikia hayo akamfuta kwenye orodha yeye mwenyewe.

Umaarufu nao nikaupima. Kwa miaka 31, tangu 1991, Labrador aliongoza orodha ya aina zinazoandikishwa kwa wingi Marekani. Mwaka 2022 akapitwa na French Bulldog, yule mdogo mwenye pua iliyobonyea. Sasa, pua hiyo ndiyo inayompendeza mnunuzi, na pua hiyohiyo ndiyo inayofanya wengi wao wapumue kwa shida, hasa penye joto. Kwa hiyo safu ya umaarufu niliifuta. Programu inayopakuliwa na watu wengi si lazima iwe nzuri, hilo tunalijua sisi.

Mwisho wa wiki ya pili Labrador alikuwa juu ya jedwali, na si ajabu, kwani kila mtu humsifu. Lakini hata yeye nikamchunguza. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walionyesha kwamba karibu Labrador mmoja kati ya wanne ana jeni iitwayo POMC iliyopotewa na kipande kidogo. Kipande chenyewe ni herufi 14 tu za DNA, na mbwa huyo hupenda chakula kupita kiasi. Herufi 14! Nimewahi kuona mfumo mzima wa malipo ukilala kwa kukosa nuktamkato moja, kwa hiyo nilimwelewa Labrador mara moja. Lakini hebu mfikirie mbwa wa kilo 30 mwenye njaa isiyoisha, na mtoto wa miaka minne anayetembea ua mzima akiwa na andazi mkononi, mkono wenyewe uko usawa wa mdomo wa mbwa. Hata bila ukali wowote, mtoto ataanguka.

Asilimia tisa

Hapa ndipo mradi ulipogeuka.

Nilikuwa natafuta takwimu za kujaza ile safu nzito, uvumilivu kwa watoto. Nilitaka namba, si maneno ya wauzaji. Nikakutana na utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwezi Aprili 2022, wa Kathleen Morrill, Elinor Karlsson na wenzao. Walikusanya majibu ya wenye mbwa kuhusu tabia za mbwa zaidi ya 18,000, kisha wakasoma DNA ya zaidi ya 2,000 kati yao, wengi wakiwa chotara. Chotara ndio waliosaidia sana, kwa sababu ndani ya chotara unaweza kuona jeni za aina fulani zinafanya nini pasipo sura ya aina hiyo kumdanganya mwenye mbwa.

Matokeo: aina ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine.

Tisa! Nikasoma tena. Na si kila tabia iko sawa. Utii, yaani jinsi mbwa anavyoelekea kusikiliza amri, ulikuwa na uhusiano mkubwa zaidi na aina. Lakini wepesi wa kuudhika, yaani jinsi mbwa anavyogeuka haraka kuwa mkali akiogopeshwa au kusumbuliwa, ulikuwa na uhusiano mdogo mno. Ukijua aina, karibu hujajua lolote kuhusu jambo hilo.

Ndugu msomaji, soma hapo mara mbili ikibidi. Tabia ambayo mzazi anaitaka kuliko zote, mbwa anayevumilia kuvutwa sikio, ndiyo tabia ambayo jina la aina halisemi kitu. Safu niliyoipa uzito mkubwa kuliko zote ilikuwa safu ambayo haiwezi kujazwa kwa jina la aina.

Hii haina maana kwamba aina ni upuuzi. Aina inakuambia mambo ya mwili kwa uhakika mzuri: ataongezeka hadi kilo ngapi, manyoya yatajaa kupe kiasi gani, atahitaji kukimbia kiasi gani, ataugua nini uzeeni. Na mwili una maana yake. Mbwa wa kilo 5 na mbwa wa kilo 45 wakikasirika kwa kiasi kilekile, majeraha hayalingani. Lakini ukitaka kujua kama mbwa huyu atakuwa mpole kwa mwanao, ni lazima umtazame mbwa huyu. Si binamu zake.

Kengele au silaha?

Sasa turudi kwa Mama Neema na mwizi wake.

Hapa Kenya wengi wetu tunafuga mbwa wa aina moja ya maisha: mchana kafungiwa kibandani, usiku anafunguliwa. Watoto wanaambiwa wasikaribie. Anapewa ugali na omena kupitia tundu, na watu humsifu, "Huyo ni mkali, hata mwenyewe anamwogopa!" Halafu siku moja kufuli linasahauliwa.

Nikamwambia mke wangu tutenganishe kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Kuna mbwa kengele na kuna mbwa silaha. Kengele inakuamsha. Silaha inajeruhi. Mwizi hutaka kimya kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo kelele peke yake inatosha kumharibia kazi, na karibu mbwa yeyote mwenye afya anayelala uani anajua kubweka. Silaha ndiyo yenye taabu, kwa kuwa inabidi iamue yenyewe nani ni mwizi. Na inaamua kwa ishara gani? Mtu asiyemjua, anayeingia ghafla, anayekimbia, anayeruka ukuta. Sasa nionyeshe tofauti kati ya hizo na mtoto wa jirani aliyeruka ukuta kufuata mpira wake. Mimi kama mwandishi wa programu siwezi kuandika sharti la kuwatenganisha hao wawili. Mbwa ataliandikaje?

Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Walijua kwamba ukali mwingi hutoka kwa mwenye mbwa.

Sayansi nayo inaongeza neno. Mwaka 1965 John Paul Scott na John Fuller walichapisha matokeo ya miaka mingi ya kulea mbwa wa aina tano huko Maine, Marekani, Basenji akiwa mmojawapo. Walionyesha kwamba kuna dirisha katika maisha ya kilebu, kuanzia wiki ya tatu hivi hadi ya kumi na mbili au zaidi kidogo, ambapo anajifunza nani ni wa kwake duniani. Kilebu aliyeshikwa na watoto kwa upole, akasikia pikipiki, akaona miavuli na walemavu na wazee wenye bakora katika wiki hizo, dunia kwake ni ya kawaida. Aliyefungiwa gizani wiki hizo ili "awe mkali", kila kitu kipya kwake ni adui. Na mtoto mdogo ni kitu kipya kila siku: leo anatambaa, kesho anakimbia, keshokutwa anapiga mayowe.

Mama Neema alifikiri siku mbili. Kisha akasema, "Basi nataka anayebweka na kunyamaza akiambiwa." Hilo likawa sharti lake, na ni sharti bora kuliko yangu yote.

Masharti mengine

Mama Swaleh wa nyumba ya tatu tulimwendea kabla ya kuamua lolote. Yeye ni Mwislamu, mtu wa pwani, na katika madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Akatuambia, "Baba Neema, mimi sikukatazi kufuga. Nisaidie tu mlango wangu na mikeka yangu." Tukakubaliana mpaka: mbwa hapiti tangi la maji, na nikaweka uzio hapo. Watoto wetu wananawa na kubadilisha nguo za kuchezea kabla ya kuingia kwake. Kama unaishi ua mmoja na watu, zungumza nao mapema. Mbwa wako ni wa ua mzima, upende usipende.

Halafu muda. Mbwa wengi huishi miaka 10 hadi 13. Tuchukue 12. Ukimtembeza dakika 40 kila siku, hizo ni siku 4,380, yaani saa 2,920. Ni sawa na karibu siku 122 mfululizo, usiku na mchana, umeshika kamba. Nikaibandika hesabu hiyo ukutani na kumwomba kila mtu aandike atachukua zamu zipi. Binti akaandika jioni zote. Nikampa wiki mbili za majaribio: kila jioni atembee nami dakika 40 bila mbwa. Siku ya nne mvua ilinyesha na hakutaka kutoka. Hatukugombana. Tulirekebisha tu mpango, zamu za mvua zikawa zangu. Neno la mtoto wa miaka tisa ni zuri kwa wiki moja. Mbwa ni wa mtu mzima, tangu siku ya kwanza.

Na sasa jambo ambalo halina mjadala.

Julai 1885 mjini Paris, Louis Pasteur alimchoma chanjo ya kichaa cha mbwa mtoto aitwaye Joseph Meister aliyekuwa ameng'atwa vibaya. Akapona. Alikuwa na miaka tisa, umri wa binti yangu leo. Hapa kwetu ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mbwa karibu na Nairobi mwaka 1912, na hadi leo tunao. Shirika la Afya Duniani linasema mbwa ndio wanaosababisha hadi asilimia 99 ya visa vya binadamu. Dalili zikishaonekana, karibu hakuna anayepona. Kenya ina mpango wa kuutokomeza ulioanza 2014 hadi 2030, na moyo wa mpango huo ni kuchanja mbwa. Kwa hiyo mbwa wako, awe wa nasaba au koko, achanjwe akiwa na umri wa miezi mitatu na arudiwe kila mwaka. Kadi ya chanjo tunza kama cheti cha kuzaliwa. Mtoto aking'atwa na mbwa yeyote, osha jeraha hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa saa, kisha hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri kuona kama mbwa "ataonyesha dalili". Usipake pilipili, mafuta wala majivu. Na mfundishe mtoto kusema. Wengi hung'atwa kidogo wakaficha kwa kuogopa kuchapwa.

Tuliyemchukua

Baada ya asilimia tisa, swali "aina gani" lilibadilika likawa "mbwa gani". Na jibu lake likawa jepesi zaidi kuliko nilivyotarajia: mbwa mzima.

Kilebu ni toleo la majaribio. Hujui atakuwa nani, na miezi sita ya kwanza ni meno na mkojo. Mbwa wa miaka miwili ni programu iliyokwisha kutumika: makosa yake yanaonekana, na unaweza kuuliza waliomtumia. Daktari wa mifugo anayehudumia mtaa wetu alituelekeza kwa familia moja iliyokuwa ikihamia nyumba ya ghorofa, yenye watoto watatu. Walikuwa na jike wa miaka miwili, rangi ya asali, kilo 18, manyoya mafupi. Aina? Wa kienyeji kwa mama, na baba hajulikani. Amefungwa kizazi. Chanjo zote ziko kwenye kadi.

Tulimwendea mara tatu, kwa saa tofauti. Mara ya kwanza bila watoto. Tulitazama mwenyewe akimwita katikati ya kula: aliacha bakuli akaenda. Tulitazama watoto wa pale wakimpita akiwa amelala: alifungua jicho moja, akalifunga. Mara ya pili tulikwenda na watoto wetu, wakakaa kwenye ngazi, na mbwa akaachwa aje mwenyewe akitaka. Alikuja. Mara ya tatu tulifika usiku bila kupiga simu ndani ya ua. Alibweka hadi tukatetemeka. Mwenyewe akasema, "Basi," naye akanyamaza.

"Huyu," akasema Mama Neema.

Haki ya kutoa jina ilikuwa ya kitinda mimba kwa makubaliano ya familia. Anaitwa Ng'ombe. Ukipita Kitengela jioni ukasikia mtu mzima akiita, "Ng'ombe, njoo!" huku anayekuja ni mbwa, usiogope.

Ana wiki tatu sasa nasi. Sheria za nyumba ni chache. Mbwa akila haguswi. Akilala haamshwi. Hakumbatiwi shingoni, anakunwa kifuani. Akipiga miayo bila usingizi, akilamba midomo bila chakula, akigeuza uso au akikakamaa, anasema "nimechoka", na mtoto anaondoka. Mkia ukitikisika si lazima iwe furaha. Na kitinda mimba habaki peke yake na mbwa hata kwa dakika ya kuinjika chai. Watoto wadogo wengi hung'atwa na mbwa wanaowajua, nyumbani, mtu mzima akiwa chumba cha pili. Sheria hii haimhusu mbwa mbaya. Inamhusu kila mbwa, na Ng'ombe ni mzuri.

Kama nawe unatafuta, aina itumie kuchagua ukubwa, manyoya na mwendo. Upole nenda kautazame kwa macho yako, mara tatu, ukiwa na watoto na ukiwa huna. Na siku utakayomleta, kabla hajafika nyumbani, mpitishe kwa daktari wa mifugo. Haya, kazi kwenu.